Kuchakachua ruta ya nyumbani: famwea mpya na Wi-Fi inayofika mbali

Hili swali nimeulizwa mara nyingi mno pale kaunta, tena na watu walewale wanaokuja na flashi shingoni: "Kaka, nasikia ruta unaweza kuibadilisha programu yake ikapata nguvu zaidi, ni kweli au stori za vijiweni?" Jibu fupi: kubadilisha programu ni kweli, nguvu zaidi ni nusu kweli. Jibu refu ndo hili hapa chini. Daunlodi, printi, fanya unavyotaka, ila usome mpaka sehemu ya umeme kabla hujagusa kitu, maana mimi mwenyewe nilishaua ruta ya mjomba siku ya Jumapili.

FAMWEA NI KITU GANI

Ruta ni kompyuta. Haina kioo wala kibodi, lakini ina prosesa, ina RAM na ina chipu ndogo ya kuhifadhi programu. Ile programu iliyomo ndani, inayowasha redio ya Wi-Fi, kugawa anwani kwa mashine na kukuonyesha ule ukurasa wa mipangilio, ndiyo famwea. Kiwanda kinakupa ya kwake. Wapo watu nje ya kiwanda wanaotengeneza nyingine, za bure, na ukiiweka ruta ile ile ya bei poa inaanza kufanya mambo ambayo kwenye boksi lake hayakuandikwa.

Mchezo huu una historia yake, na mimi naipenda. Mwishoni mwa 2002 ilitoka ruta ya bluu na nyeusi yenye antena mbili, Linksys WRT54G. Mwaka 2003 Cisco wakainunua kampuni ya Linksys. Mwaka huohuo wataalamu wakachungulia ndani ya famwea ya ile ruta wakakuta kumbe ni Linux. Sasa Linux ina leseni yake, GPL: ukiitumia kwenye bidhaa unayouza, lazima uwape watu msimbo wake. Watu wakabana, na mwaka 2003 msimbo ukatolewa. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mradi wa OpenWrt ulianza 2004. DD-WRT ya Mjerumani Sebastian Gottschall, anayejulikana zaidi kwa jina la BrainSlayer, ikafuata 2005. Tomato ya Jonathan Zarate nayo ikaja, ikapendwa kwa grafu zake nzuri za matumizi ya data. Zarate aliishia toleo la 1.28 mwaka 2010, wengine wakaiendeleza, na leo ipo kwa jina la FreshTomato.

Cha kuchekesha ni kwamba 2005 WRT54G toleo la 5 ilitoka ikiwa na mfumo mwingine kabisa, VxWorks, na kumbukumbu ikakatwa nusu: kutoka MB 4 za kuhifadhi na MB 16 za RAM mpaka MB 2 na MB 8. Jina lile lile, boksi lile lile, ndani kitu kingine. Waliokuwa wanataka Linux wakatolewa modeli ya pembeni, WRT54GL. Shikilia hapo, maana ndo somo la kwanza: jina la ruta halitoshi, TOLEO lake ndo kila kitu.

UNAPATA NINI HASA

Kwenye kafe yetu kilichonivuta ni kugawa spidi. Mashine sita, laini moja, jamaa mmoja akianza kushusha muvi wote wanalia. Famwea kama OpenWrt inakuwezesha kupanga foleni ili mmoja asimeze laini nzima. Pia unaweza kuigeuza ruta iwe mteja, yaani ipokee Wi-Fi ya ruta nyingine na kuitoa kwa kebo. Unaweza kutenga Wi-Fi ya wageni wasione mashine zako. Unaweza kuona nani anakula data.

Usichopata ni intaneti ya kasi kuliko unayolipia. Kama kampuni inakupa megabiti 4, famwea haitoi ya tano. Na kuhusu masafa ya Wi-Fi nitakuja, tuliza mpira.

KABLA HUJAGUSA

Igeuze ruta, soma lebo ya chini. Utaona modeli na toleo, mfano TL-WR841N halafu "Ver: 9.2". Yetu ndo ilikuwa hii. Hiyo modeli ya TP-Link imetoka kwa matoleo mengi na ndani hayafanani, faili la toleo la 8 siyo la toleo la 9. Nenda kwenye orodha ya vifaa ya OpenWrt au kwenye database ya DD-WRT, tafuta modeli PAMOJA na toleo. Kama haimo, basi haimo. Usijaribu faili la "inayofanana nayo".

Angalia pia kumbukumbu. OpenWrt ya siku hizi inataka angalau MB 8 za kuhifadhi na MB 64 za RAM, na wenyewe wanashauri 16 kwa 128. Ruta zenye 4 kwa 32, kama hiyo WR841N ya toleo la 9, ziliachwa baada ya mfululizo wa 19.07. Kwa hiyo kama unanunua leo kwa ajili ya kazi hii, usiingie mjini ukadanganywa na mtumba wa 4 kwa 32 eti ndo unachakachulika kirahisi. Ilikuwa zamani.

Na jambo jingine: ruta uliyopewa na kampuni ya simu au ya intaneti mara nyingi si mali yako, na nyingi zimefungwa. Iache. Nunua yako, iunganishe nyuma ya ile yao.

Kinachofuata ni kazi ya karatasi na kalamu. Fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yako, andika kila kitu kinachohusu laini: jina la mtumiaji na neno la siri la kampuni kama lipo, aina ya muunganisho, anwani ya MAC. Vikishafutika havirudi, na ukipiga simu kuuliza utasubiri kwenye muziki mpaka salio lilie.

Ukidaunlodi hapa kafe, chukua faili kutoka tovuti yenyewe ya mradi, siyo kwenye makabati ya mafaili ya watu. Utakuta aina mbili. Lenye neno "factory" ni la kutoka famwea ya kiwanda kwenda OpenWrt. Lenye "sysupgrade" ni la kutoka OpenWrt kwenda OpenWrt mpya. Watu wengi wanachanganya hapo. Halafu hakiki faili halijaharibika njiani: kwenye Windows fungua dirisha jeusi la amri, andika certutil -hashfile kisha jina la faili kisha SHA256, linganisha ile namba ndefu na iliyo kwenye tovuti. Herufi moja ikitofautiana, daunlodi upya. Flashi zetu za kuazimana mnazijua wenyewe zina nini.

KUWEKA

Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa KEBO. Siyo Wi-Fi, narudia, siyo Wi-Fi. Chomoa kebo nyingine zote. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, nenda sehemu ya kuboresha famwea, chagua faili la factory, bonyeza, kisha ondoa mikono. Dakika tano usiguse kitu. Taa zitazima, zitawaka, zitapepesa, wewe kunywa chai.

Ikiisha, OpenWrt utaikuta kwenye 192.168.1.1, jina root, neno la siri halipo. Weka lako papo hapo. Usishtuke ukiona Wi-Fi haipo hewani: OpenWrt inakuja Wi-Fi ikiwa imezimwa, unaiwasha mwenyewe ukishaweka neno la siri la WPA2 au WPA3. Na kama modemu ya kampuni nayo inatumia 192.168.1.1, zitagongana na intaneti haitapita. Badilisha ya ruta yako iwe mfano 192.168.2.1. Hili moja lilinipotezea saa mbili nzima.

SASA SEHEMU YA UMEME

Mwanzoni mwa 2019, nimetoka kumaliza kidato cha nne, niko kwa mjomba Morogoro nakaa kaunta huku nasubiri matokeo. Kafe iko mbele, ng'ambo ya ua kuna chumba ambapo binamu yangu anachapa na kuprinti kazi za wanafunzi. Wi-Fi inafika kule kwa kubembeleza. Mwanafunzi anatuma kazi yake kwa imeili, binamu anaishika kompyuta mkononi anakuja nayo mpaka katikati ya ua kama anatafuta stesheni ya redio. Wateja wakawa wanaenda kwa jirani. Mjomba akasema atanunua ruta kubwa mwezi ujao, na binamu akasema mwezi ujao atakuwa hana mteja wa kumprintia.

Mimi nikajitia fundi. Jumapili jioni, kafe imefungwa, nikapakia OpenWrt 18.06. Sikumwambia mjomba. Asilimia inapanda, nimefika kama nusu hivi, umeme ukakatika mtaa mzima.

Uliporudi, ruta ikawasha taa ya pawa na nyingine moja inapepesa, inazima, inarudia. Ukurasa haufunguki. Wi-Fi haipo. Jumatatu asubuhi mashine sita zinasubiri wateja na ruta ndo hiyo. Nisikudanganye, nilikaa chini sakafuni.

Kilichoniokoa ni hiki, na ndo sababu ya kuandika yote haya. Kwenye ruta kuna programu ndogo inayotangulia kuamka kabla ya famwea, kazi yake ni kuiamsha famwea. Ukipakia famwea kwa njia ya kawaida, hiyo ndogo haiguswi. Kwa hiyo famwea ikifa katikati, yule mwamshaji yuko hai, na kwenye ruta nyingi anajua kuomba faili kwa njia iitwayo TFTP. Kwa WR841N toleo la 9 iko hivi. Ipe kompyuta yako anwani ya kudumu 192.168.0.66. Zima ukuta wa moto wa Windows kwa muda. Weka programu ya Tftpd64, na kwenye folda yake weka faili la factory ukilibadilisha jina liitwe wr841nv9_tp_recovery.bin, neno kwa neno. Chomeka kebo kwenye tundu la LAN. Shikilia kitufe cha riseti, washa ruta huku umekishikilia, mpaka uone kwenye Tftpd64 faili linaondoka. Achia. Subiri.

Mara ya kwanza haikuondoka. Ya pili wala. Nikagundua niliandika herufi kubwa kwenye jina la faili. Ya tatu ikaondoka, na saa tano usiku ukurasa wa OpenWrt ukafunguka. Intaneti ya mashine sita niliimalizia alfajiri, kwa ile karatasi niliyoandika mipangilio ya laini. Bila ile karatasi ningefukuzwa.

Ruta nyingine zina njia zao: za zamani za Linksys kompyuta ndiyo inayoisukumia ruta faili kwenye 192.168.1.1 ndani ya sekunde chache za mwanzo, nyingine zina ukurasa mdogo wa dharura. TAFUTA NJIA YA KUFUFUA RUTA YAKO KABLA YA KUIPAKIA, na daunlodi kila kitu mapema, maana ikishakufa huna intaneti ya kutafutia. Na kama huna UPS, mwenye laptopu ana nafuu nusu tu: laptopu itabaki hai, ruta itazima. Pakia saa ambazo mtaa wako umeme huwa umetulia. Onyo jingine kwa wanaotaka kurudi famwea ya kiwanda: baadhi ya mafaili ya TP-Link yana neno "boot" kwenye jina, yaani yamebeba na yule mwamshaji. Kwenye hizi ruta ukiliweka zima ukiwa ndani ya OpenWrt unamuua hata yeye. Lazima likatwe kichwa kwanza, na kama hujui kulikata, liache.

MASAFA: HAPA NDO PENYE MANENO

Baada ya yote hayo, Wi-Fi kule kwa binamu ilikuwa vilevile. Nilikuwa nimetegemea kupandisha nguvu ya redio na basi. Nikapandisha, upau ukaongezeka mmoja kwenye kompyuta ya binamu, lakini faili bado halitoki.

Sababu ni rahisi ukishaielewa. Wi-Fi ni mazungumzo, siyo tangazo la msikitini. Ruta ikipaza sauti, kompyuta inaisikia. Kompyuta ikijibu kwa sauti yake ndogo, ruta haisikii. Umeongeza kipaza sauti, hujaongeza sikio. Isitoshe redio ikisukumwa kupita uwezo wake inachafua mawimbi yake yenyewe na inachemka. Zamani kwenye WRT54G, DD-WRT ilikuruhusu kupandisha mpaka miliwati 251, na wengi walifika huko wakapata joto tu.

Na usicheze na uchaguzi wa nchi kwenye mipangilio eti uchague nchi inayoruhusu nguvu kubwa. Kila nchi ina kikomo chake. Marekani mwaka 2016 TP-Link walilipa dola 200,000 kwa mamlaka ya mawasiliano ya kule, FCC, kwa sababu ruta zao ziliruhusu mtumiaji kufanya hivyohivyo. Zuri ni kwamba kwenye makubaliano hayohayo walikubali kusaidia famwea za watu wengine zifanye kazi kwenye ruta zao.

Antena ni tofauti. Antena inakuza kusema NA kusikia. Hesabu yake ni ya desibeli: ukiongeza 3, nguvu imezidi mara mbili; ukitaka umbali mara mbili sehemu ya wazi unahitaji 6. Lakini antena haitengenezi nguvu, inakusanya tu, kama tochi. Ile fimbo ya desibeli 9 inaeneza mbali kwa upana na inakosa juu na chini, kwa hiyo kama unataka ghorofa ya pili utapata hasara. Kebo ya antena nayo inakula: ya RG-58 hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo mita kumi za kebo nyembamba zinaimeza antena yako nzima. Afadhali usogeze ruta na urefushe kebo ya mtandao, ambayo inaenda mpaka mita 100 bila shida.

Wenye antena za kufungua wanaweza kujaribu kopo. Kopo la bati la kipenyo kama sentimita 9, ndani yake kijiti cha shaba cha milimita 31, umbali wa sentimita 5 hivi kutoka kitako, ndo antena ya mwelekeo mmoja. Yetu ilikuwa haifunguki, kwa hiyo nikatengeneza kioo: kadibodi iliyopinda, nikaibandika karatasi ya aluminiamu ya jikoni, nikaisimamisha nyuma ya antena ikitazama ua. Upande wa nyuma unapoteza, lakini nyuma yetu ni ukuta wa jirani, na jirani hajanilipa.

Kingine kilichosaidia hakikugharimu hata senti. Ruta ilikuwa chini ya kaunta, mbele yake friji ya soda. Bati, friji, tenki la maji, nyavu za chuma za dirishani, nondo za zege, vyote hivyo vinazuia au vinarudisha mawimbi. Nikaipandisha juu ya dirisha la mbao linalotazama uani. Nikabadilisha chaneli: kwenye 2.4 tumia 1, 6 au 11 tu, maana hizo tatu ndo haziingiliani. Nikapunguza upana kutoka megahezi 40 mpaka 20, spidi ya juu inashuka lakini sikio linakuwa jepesi zaidi. Kipimo kule kwa binamu kilikuwa kinacheza kwenye -84, kikaja -71. Kumbuka namba hizi ni hasi, -71 ni nzuri kuliko -84.

Watu wakikuambia famwea haina faida kwenye masafa, waambie kuhusu Venezuela. Mwaka 2006 Ermanno Pietrosemoli na wenzake walirusha Wi-Fi kilomita 279 kutoka mlimani kwa ruta za WRT54G zenye OpenWrt na antena kubwa za sahani, na mwaka 2007 wakafika kilomita 382. Famwea ya kiwanda isingeweza, na siyo kwa ajili ya nguvu. Ruta ikituma pakiti inasubiri jibu kwa muda mfupi sana, ikikosa inadhani imepotea inatuma tena. Kwa umbali ule jibu linachelewa njiani, kwa hiyo walirefusha muda wa kusubiri, kitu ambacho famwea huria inakuachia ukibadilishe. Kwenye ua wa mita ishirini hiyo mipangilio iache kama ilivyo.

Na kirudishi? Ruta ya pili inayopokea Wi-Fi na kuirusha tena kwa redio ileile moja inakata spidi karibu nusu, kwa sababu haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Ukiweza pitisha kebo. Mjomba alipopata hela akanunua ruta mpya ikakaa mbele, na ile WR841N niliyoiua ikavuka ua kwa kebo ya mita 25 iliyopita ndani ya bomba. Nimezima kugawa anwani na nimeipa kazi moja ya kurusha Wi-Fi kule chumbani, haigusani na laini ya nje moja kwa moja, kwa kuwa famwea yake haipati tena marekebisho ya usalama.

Binamu bado anaprinti. Mjomba kuhusu ile Jumapili alijua mwaka uliofuata, binamu ndiye aliyemwambia.